Mlango Wazi wa Amerika, Kama Ulivyojadiliwa Sparkhill

Katika miaka ile vyuo vikuu vya Amerika vilikuwa na matatizo mengi, na karibu yote yalitatuliwa sebuleni kwetu Sparkhill, mjini Birmingham, Uingereza, Jumapili alasiri, kabla ya chai ya pili.

Nyumba ilikuwa kwenye mtaa mdogo unaotokea Stratford Road. Mwenye nyumba alikuwa Singasinga mzaliwa wa Nairobi, aliyefanya kazi katika karakana ya reli kabla ya kuhama. Alipenda wapangaji wanaojua Kiswahili kwa sababu, alivyosema, Kiingereza chake alikitumia kiwandani na hakutaka kukichosha nyumbani. Mimi nilikuja na mjomba wangu, mjomba akarudi Kenya baada ya baridi mbili, nikabaki na chumba na koti lake.

Mjadala uliletwa na mtu tuliyemwita Daktari, ingawa hakuwa amefika huko. Alikuwa Mtanzania mwenye shahada ya kwanza, naye alikuwa katika mwaka wa saba wa tasnifu yake juu ya uendeshaji wa elimu ya juu. Maktaba ya chuo chake ilipotupa majarida ya zamani kutoka Amerika, yeye aliyaokota na kuyaleta kwetu yakiwa yamefungwa kwa kamba. Humo tulisoma kwamba wanafunzi wamekalia ofisi ya mkuu wa chuo na kuvuta sigara zake. Tulisoma kwamba mahali pengine alama zimefutwa, na mwanafunzi anaambiwa tu amefaulu au hakufaulu. Tulisoma pia kwamba kuna vyuo vya mjini vilivyoamua kumpokea yeyote aliyemaliza sekondari, bila mtihani wa kuingia. Majarida yalitufikia yakiwa na umri wa mwaka mmoja na zaidi, kwa hiyo nina hakika kwamba mara nyingine tulibishana mpaka jasho likatutoka juu ya alama ambazo wenyewe walikuwa wameshazirudisha.

Mwenyekiti wa vikao alikuwa Mkenya, mwalimu mkuu wa zamani wa shule ya msingi, ambaye kwa wakati huo alikuwa kondakta wa basi. Wakati huo ulikuwa umefika miaka mitano. Yeye ndiye aliyeamua kwamba watu hawawezi kujadili mambo mazito kama wanavyojadili mpira, hivyo tukawa na ajenda, na mimi nikawa katibu.

Nilichaguliwa kwa sababu ya mwandiko. Shuleni kwetu mwalimu wa darasa la nne alikuwa akitupiga vidole herufi ikitoka nje ya mstari, na mpaka leo herufi zangu hazitoki. Lakini naandika polepole. Mwenyekiti hakulichukia jambo hilo. Alipokwisha kusema sentensi alinyamaza, akanitazama, akangoja kalamu yangu isimame, na ukimya huo ulifanya hata maneno ya kawaida yaonekane kama sheria.

Kila kikao kilianza kwa kusomwa kumbukumbu za kikao kilichotangulia. Mtu mmoja alitoa hoja zithibitishwe, wa pili akaunga mkono, Mwenyekiti akatia sahihi, na kuanzia hapo lililoandikwa ndilo lililotokea. Kwa desturi katibu ndiye msomaji. Mimi nikisimama mbele ya watu sauti hunikimbia, kwa hiyo Mwenyekiti alizisoma mwenyewe, kwa sauti ya kutangazia vituo.

Nifafanue elimu yangu, maana ndiyo shida ya habari hii. Nilimaliza darasa la saba. Mwaka ule waliochaguliwa kwenda sekondari walisomewa majina uwanjani, nami nilisimama mpaka karatasi ikakunjwa. Sikulia wala sikuuliza. Nilifikiri labda kuna karatasi ya pili.

Kazi yangu Birmingham ilikuwa Hockley, katika karakana ndogo iliyotengeneza beji na nishani. Nilikuwa nasugua. Unashika kitu kidogo cha shaba karibu na gurudumu la kitambaa linalozunguka kwa kasi, ukitaka king'ae na usitake gurudumu likunyang'anye. Nyingi kati ya nishani zetu zilikuwa za shule na vyuo: simba, kitabu kilichofunguliwa, taji, na chini yake maneno ya Kilatini. Vyuo vingine vilikuwa vya ng'ambo. Kwa hiyo naweza kusema kwamba kabla sijatimiza miaka ishirini na moja nilikuwa nimeshavishika mkononi vyuo vikuu vingi kuliko Daktari.

Siku moja, nikipanga majarida, niliona ukurasa kuhusu chuo kidogo cha Amerika kilichoanzisha mpango wa watu walionyimwa shule: wafanyakazi, akina mama, watu walioanza kazi utotoni. Hukuhitaji kwenda huko. Ungesoma ukiwa pale pale ulipo, mwalimu angekuandikia barua na wewe ungemjibu. Hawakutaka cheti wala mtihani. Walitaka uandike, kwa maneno yako mwenyewe, ni nini umejifunza nje ya darasa.

Nilisoma ukurasa ule mara nyingi mpaka nikajua mahali pa kila nukta. Nilitaka kusoma. Sijui namna nyingine ya kulisema. Hiyo ilionekana kuwa ile karatasi ya pili.

Nilimwambia mtu mmoja tu, muuguzi mmoja Mkenya aliyekuwa akipanda basi kutoka Erdington kila Jumapili, akishatoka kanisani, kuja kula chakula cha kwao. Tulimwita Dada, hata waliomzidi umri. Yeye alifurahi sana, na kwa kuwa alifurahi alikosea: alilisema kikaoni.

Mwenyekiti aliliweka katika ajenda, namba tatu, Mwombaji Kutoka Nyumba Hii. Daktari alisema kwamba kinadharia yeye anapinga vyuo kupokea watu wasio na sekondari, kwa sababu shahada itashuka thamani kabla watu wengine hawajaipata, na hapo alinyamaza kidogo. Lakini maadam mlango umefunguliwa, alisema, haiwezekani wa kwanza kuupita kutoka Afrika Mashariki apite amevaa matambara. Wakakubaliana kwamba heshima ya nyumba imo hatarini. Ikaundwa kamati ya kuandika insha yangu.

"Tangazo lao linasema kwa maneno yake mwenyewe," Dada alisema.

"Haya ni maneno yake, Dada," Mwenyekiti akamjibu. "Sisi tunamtafutia tu."

Sitaki kuwacheka. Kwetu ilikuwa hivyo, na nadhani kwenu pia. Barua ya kuomba kazi haiandiki mwombaji. Anaiandika mtu anayejua, kisha mwombaji anatia sahihi. Anayepeleka barua aliyojiandikia anaonekana hana watu. Kamati ilikaa Jumapili tatu. Walibishana juu ya kila neno, na neno likishindwa kueleweka na mmoja wao walijua kwamba ni zuri. Insha ilianza na wanafalsafa wa Ugiriki, ikapita kwenye usawa wa binadamu, ikachambua sera za udahili katika vyuo vya miji mikubwa ya Amerika, ikazishauri mamlaka za huko zifanye nini, na katika ukurasa wa sita ikataja kwamba mwandishi anaishi Birmingham. Mimi niliinakili kwa mwandiko safi. Maneno mengine niliyachora, kama unavyonakili maua ya kwenye kitambaa.

Mwenye nyumba alipita na toroli lake la mkono, akaniona nimeinama.

"Kijana, unaandika nini siku zote hizo?"

Nikamwambia ni maisha yangu.

"Iko ndefu," akasema, akaendelea na toroli lake.

Jibu lilifika baada ya wiki nyingi. Mwenyekiti alilifungua kikaoni, maana barua ilikuwa ya nyumba. Lilikuwa la adabu kubwa. Walisema wameisoma insha kwa heshima, na mmoja wao ameomba ruhusa ya kubaki na nakala. Lakini mpango ule, walisema, umewekwa kwa watu walionyimwa elimu, na isingekuwa haki kumpa nafasi msomi wa kiwango changu. Walinishauri niandikie idara yao ya masomo ya juu.

Nilitegemea watu wanyamaze kidogo. Badala yake walisimama. Mwenyekiti alinipa mkono. Mtu mmoja wa chumba cha juu alitumwa dukani kununua keki. Walisema kukataliwa kuna daraja, na hii ni daraja ya kwanza: kijana wa darasa la saba amekataliwa kwa usomi. Barua ilitiwa fremu na kutundikwa juu ya hita ya gesi. Daktari peke yake hakushangilia sana. Aliisoma mara mbili, ameishika mbali na miwani. Miaka saba, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba amezidi.

Mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya keki.

"Vizuri," alisema. "Sasa kijana anasoma wapi?"

Mwenyekiti alisema swali hilo halimo katika ajenda, wakaenda namba nne.

Dada hakula keki. Alipokuwa akivaa koti ukumbini aliniambia kwamba ni yeye aliyeharibu, na kwamba yeye hawezi kuiandika upya insha ile lakini mimi naweza. Nikamwambia Kiingereza changu ni cha darasa la saba na cha karakana. "Ndicho walichoomba," akasema.

Niliandika wakati wa chakula cha mchana, Hockley, nyuma ya kadi za kazi, zaidi ya mwezi mzima. Siku nyingine ilitoka sentensi moja, siku nyingine niliifuta ile ya jana. Sikuwa na Wagiriki. Niliandika kwamba kwenye meza ya pili kutoka kwangu anafanya kazi mama mmoja wa Kiingereza, na ndiye aliyenifundisha kwamba nishani haijulikani kwa macho kuwa tayari, hujulikana kwa vidole, inapopata joto sawa pande zote. Niliandika kwamba mtu asiyejua huanza na maneno, kwa sababu ndiyo anayotaka yaonekane, lakini maneno husuguliwa mwisho na kwa mkono mwepesi, maana yakisuguliwa sana hufutika, na mteja huletewa kitu kinachong'aa kisichosema jina lake. Niliandika kwamba kwa miaka miwili nimesugua kitabu kilichofunguliwa ambacho hakina kitu ndani. Ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Mwisho niliandika kwamba niliishia darasa la saba.

Dada aliusoma kwenye ngazi za nyumba, akarudia mwanzo, akaukunja. Nilimwomba anisahihishie. Alisema ataweka nukta moja iliyosahaulika, hakugusa kingine. Tulituma kwa anwani yake ya Erdington, ili barua ikirudi isiwe ya nyumba.

Walijibu upesi safari hii, kwa mistari michache. Walisema wamepokea kutoka Birmingham barua mbili zenye jina moja na mwandiko mmoja, na wanaamini hazikuandikwa na mtu mmoja. Hawakuwa na hasira, walitaka tu kujua. Ni yupi kati ya hawa wawili anayetaka kusoma?

Jibu hilo liliniwia jepesi kuliko yote niliyowahi kuandika. Niliandika: *Wa pili. Wa kwanza alikuwa kamati.*

Barua ya kupokelewa Dada aliileta Jumapili, ndani ya mkoba, akanipa kwenye ukumbi wenye makoti. Nilipokelewa. Masomo yangeanza mwezi unaofuata. Lakini chini yake kulikuwa na fomu: kila mwanafunzi lazima apate, mahali anapoishi, mtu mwenye shahada ya chuo kikuu atakayeketi naye mara moja kwa mwezi, asome kazi zake na kutia sahihi. Bila sahihi yake, au fomu isipofika kabla ya mwisho wa mwezi, nafasi ingekwenda kwa mwingine. Dada alikuwa na vyeti vya uuguzi. Mwenyekiti alikuwa na cheti cha ualimu na beji ya kondakta. Watu wote niliowajua Birmingham nikiwapanga mstari, mwenye shahada alikuwa mmoja, na ndiye aliyekuwa akipinga.

"Mwambie leo," Dada akasema.

Nilisema nitamwambia.

Hoja ya siku ile ilikuwa kubwa, tuliisubiri miezi: je, mlango wa chuo kikuu uwe wazi kwa kila mtu? Daktari alizungumza vizuri kuliko siku zote. Alisema chuo kikipokea kila mtu kitakuwa kituo cha basi, akaomba radhi kwa Mwenyekiti. Mwenyekiti akasema hakukasirika, ila ajuavyo yeye, hata basini watu hupanga foleni. Mmoja akataja kile chuo kipya cha Waingereza kinachofundisha kwa redio na televisheni, wakacheka wote, wakisema elimu unayoweza kuipokea umevaa nguo za kulalia si elimu. Mimi niliandika. Fomu ilikuwa chini ya daftari, nikiihisi kila nilipokandamiza kalamu.

Mwishowe likapita azimio: mlango uwe wazi, isipokuwa wale walioishia shule ya msingi waandaliwe kwanza na kamati ya watu wenye uzoefu. Liliungwa mkono na wote. Waliniangalia kwa upendo walipokuwa wakiinua mikono, kwa sababu walijua linanihusu.

"Mengineyo," Mwenyekiti akasema.

Hapo ndipo pangu. Nilifungua mdomo. Dada alinitazama kutoka kwenye kiti cha karibu na dirisha, akanyanyua nyusi. Nikaufunga mdomo.

"Mengineyo, hakuna. Andika, katibu."

Nikaandika. Lakini sikuandika hivyo.

Wiki ile haikwisha. Mara mbili nilifikia mlango wa Daktari, nikasikia taipureta yake ikigonga herufi chache na kunyamaza, nikarudi. Mara moja nilichukua daftari na wembe ili niukate ukurasa. Sikuukata, kwa kuwa ukurasa wa upande wa pili ulikuwa na azimio, na katibu hawezi kukata azimio.

Jumapili Mwenyekiti alivaa miwani, akasoma. Alisoma waliohudhuria, akasoma kituo cha basi na foleni, akasoma azimio kwa sauti ya kujivunia. Kisha, kwa sauti ile ile, kwa kuwa hakuwa na sababu ya kuibadilisha: "Mengineyo. Katibu aliarifu mkutano kwamba amepokelewa na chuo cha Amerika kwa maneno yake mwenyewe, masomo yanaanza mwezi ujao, na inatakiwa kabla ya hapo sahihi ya mtu mwenye shahada. Kikao kilifungwa saa kumi na moja."

Akageuza ukurasa. Ukurasa uliofuata ulikuwa mtupu.

Watu walitazamana. Mtu wa chumba cha juu aliuliza kama yeye alikuwa ametoka wakati huo. Mwenyekiti alisema yeye hakutoka, na hakumbuki. Daktari alisema kwa utaratibu kumbukumbu haiwezi kuwa na jambo ambalo halikusemwa. Mwenyekiti akasema ni kweli, lakini kwa utaratibu huo huo kumbukumbu ya katibu ni bora kuliko ya mjumbe, ndiyo maana pana katibu, na vikao vyote vya nyuma vimesimama juu ya daftari hili hili. Wakafika mahali ambapo ama nimepokelewa chuoni, ama maazimio yetu yote tangu mwanzo yana mashaka.

"Natoa hoja kumbukumbu zithibitishwe," Dada akasema.

Hakuna aliyeunga mkono. Nilitazama kidole changu cha kusugulia, kilichokuwa bado chekundu kwa poda ya karakana.

"Mimi naunga," mwenye nyumba akasema kutoka mlangoni.

"Singh, wewe si mjumbe."

"Nyumba yangu."

"Nyumba ndiyo. Kikao si chako, bwana."

Daktari alikuwa ametazama ile fremu juu ya hita. Aliondoa miwani, akaifuta kwa tai, akairudisha. Kisha mkono wake ukainuka, si juu sana, kama mtu anayesimamisha basi ambalo hana hakika ni lake.

"Naunga mkono," alisema.

Mwenyekiti alikubali, ila kwa marekebisho madogo. Pale penye "kwa maneno yake mwenyewe," paongezwe "akisaidiwa na kamati."

"Hapana," nilisema.

Lilikuwa neno langu la kwanza katika vikao vile, na lilitoka dogo, lakini chumba kilikuwa kimya, kwa hiyo lilitosha. Mwenyekiti akachukua kalamu. Akatia sahihi bila marekebisho.

Nilitoa fomu chini ya daftari nikampelekea Daktari. Aliisoma yote, hata maandishi madogo, akaomba kalamu yangu.

"Itabidi tuketi pamoja kila mwezi."

"Ndiyo, kaka."

"Na utaandika mwenyewe?"

"Nitaandika mwenyewe."

"Unaandika polepole sana, wewe."

"Ndiyo."

"Basi," alisema, akaweka sahihi, "na mimi nitakuwa nakuja na tasnifu yangu."

Mwenyekiti akagonga meza kwa kijiko. Akasema kumbukumbu zimethibitishwa, akanitazama, akangoja mpaka nikamaliza kuliandika.